Breki Zilifeli? Historia ya Upepo, Tela na Jiwe la Utingo

Wiki hii nipo nyumbani Mwera, wilayani Pangani, na leo naomba tuzungumze jambo ambalo gazetini huwa halipati nafasi ya kutosha. Kule ajali ya barabarani hupewa aya sita na picha moja. Kesho yake inakuja ajali nyingine, ya jana inasahaulika. Hapa kwangu hakuna mhariri wa kunikatia maneno, kwa hiyo vuta kiti.

Kuna sentensi ambayo kila mwandishi wa habari wa nchi hii anaijua kwa moyo: "Chanzo cha ajali ni lori kufeli breki." Wengine huandika breki zilikatika, wengine breki zilishindwa kufanya kazi. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni nje kidogo ya jiji la Arusha, lori liliyavaa magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Tukaambiwa breki. Tarehe 7 Juni 2025, kwenye mteremko wa Iwambi mkoani Mbeya, lori likagonga basi dogo la abiria, watu 28 wakafa. Tukaambiwa breki. Kwa jirani zetu wa Kenya, tarehe 30 Juni 2023, lori lilimshinda dereva katika njia panda ya Londiani, likavamia abiria na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa siku ile.

Sisemi kwamba taarifa hizo ni za uongo. Ninachosema ni kwamba sentensi yetu hiyo inazifanya breki zionekane kama radi au tetemeko la ardhi, kitu kinachokuja chenyewe bila mtu kukileta. Na hapo ndipo historia inapotukatalia. Breki za upepo, ambazo ndizo zinazotumika kwenye malori makubwa na matela yake, zilibuniwa makusudi, zaidi ya miaka 150 iliyopita, ili zikiharibika gari lisimame. Narudia: lisimame. Kama gari limeendelea kwenda, basi kuna jambo jingine lilitangulia, na jambo hilo mara nyingi lina mtu nyuma yake.

Haya, tuanze mbali kidogo.

Kabla ya upepo, treni ilisimamishwa kwa mikono ya watu. Huko Marekani walikuwapo vijana walioajiriwa kwa kazi hiyo. Dereva akipiga honi, wanakimbia juu ya paa za mabehewa, wanazungusha gurudumu la breki la behewa moja, kisha wanarukia behewa linalofuata. Iwe mvua, iwe barafu, iwe usiku wa giza. Wengi waliteleza na kuishia chini ya magurudumu. Ukitaka kuwaelewa vijana wale, mtazame utingo wa lori letu anavyoruka chini na jiwe mkononi gari linapokwama mlimani. Kazi ni ile ile, na nadhani hata mshahara unafanana.

Mwaka 1869 kijana mmoja wa Marekani aitwaye George Westinghouse, akiwa na miaka 22 tu, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa breki ya upepo. Wazo lenyewe alilitoa kwenye jarida. Alikuwa amesoma habari za mafundi waliokuwa wakitoboa handaki la Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia, kwa mashine zinazoendeshwa na hewa iliyoshindiliwa. Akajiuliza: kama upepo unaweza kutoboa mlima wa mawe, utashindwaje kukaza breki za treni? (Wale wanaosema kusoma magazeti ni kupoteza muda, someni aya hii mara mbili.)

Breki yake ya kwanza ilikuwa rahisi. Kwenye injini kuna kompresa na tangi. Bomba linapita chini ya mabehewa yote. Dereva akifungua, upepo unakimbia kwenye bomba na kusukuma breki za kila behewa. Ilifanya kazi vizuri, lakini ilikuwa na ubaya mmoja mkubwa. Bomba likipasuka, au behewa likichomoka, upepo unatoka na breki hakuna. Yaani breki ilikuwa inakukimbia saa ile ile unapoihitaji.

Basi mwaka 1872 Westinghouse akaigeuza breki yake kichwa chini miguu juu. Safari hii kila behewa likapewa tangi lake dogo na vali yake. Bomba likajazwa upepo muda wote wa safari, na upepo ule ndio uliozizuia breki zisikaze. Dereva akitaka kusimama, anapunguza upepo wa kwenye bomba. Vali inahisi upungufu, inafungulia upepo wa tangi la behewa, breki zinakaza. Sasa fikiria bomba likipasuka: upepo unapungua, breki zinakaza zenyewe. Behewa likichomoka: upepo unapungua, breki zinakaza zenyewe. Kuharibika kukageuzwa kuwa kusimama. Ndugu msomaji, naomba ulishike hilo, maana ndilo kiini cha haya yote.

Lakini wenye makampuni ya reli hawakukimbilia kununua. Breki mpya ni gharama, na ya zamani si ipo? Ikabidi watu wafe kwanza. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watu waliokuwa wakienda kutembea pwani, wengi wao watoto wa shule ya Jumapili, ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaamua kuigawa: injini ivute mabehewa ya mbele kwanza, ya nyuma yasubiri. Breki za treni ile hazikuwa za aina ya kujikaza zenyewe. Mara tu mabehewa ya nyuma yalipotenganishwa na injini, yalibaki yanashikiliwa na breki moja ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Injini ilipotaka kuondoka ikarudi nyuma kidogo, ikayagusa. Mawe yakasagika. Mabehewa yakaanza kuteremka yenyewe mpaka yakakutana na treni nyingine iliyokuwa inapanda nyuma yao. Watu wapatao 80 walikufa.

Kabla ya miezi mitatu kwisha, bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha treni zote za abiria ziwe na breki zinazojikaza zenyewe. Kilichokuwa ghali mno mwezi Mei kikawezekana mwezi Agosti.

Wamarekani nao walitunga sheria yao ya kulazimisha breki za upepo mwaka 1893. Mwaka huo una maana kwetu sisi wa huku. Ndio mwaka ambao Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, iliyofika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na hatimaye Moshi mwaka 1911. Na ndio mwaka ambao miche ya kwanza ya mkonge, 62 iliyosalimika kati ya 1,000 iliyoagizwa na Dk. Richard Hindorf kutoka Florida, ilipandwa Kikogwe, hapa hapa Pangani, kusini mwa mto, jirani na Mwera yetu. Kwa hiyo huku kwetu mzigo mkubwa na swali la namna ya kuuzuia mteremkoni vilifika pamoja. Mashambani mkonge ulibebwa kwa vitoroli vya reli nyembamba, baadaye kwa matrekta na malori. Mwaka 1964 nchi nzima ilizalisha karibu tani 230,000, na tani zote hizo zilipaswa kufika bandarini.

Tutoke kwenye reli, twende barabarani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza malori yalikua, yakaanza kuvuta matela, na breki za kusukumwa kwa mguu zikawa hazitoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Knorr ya Berlin, iliyokuwa imezoea treni, ilileta breki za upepo kwa ajili ya lori na tela lake. Kule Marekani, mwaka 1930, ikaanzishwa kampuni ya Bendix-Westinghouse kwa kazi hiyo hiyo. Wazo la 1872 likahamia kwenye lami.

Hebu nieleze kwa lugha ya mtaani linavyofanya kazi, maana ukilielewa hili hutasoma tena habari ya ajali kama zamani. Ukisimama nyuma ya kichwa cha lori utaona mipira miwili inayokwenda kwenye tela. Mmoja una kiunganishi chekundu, mwingine cha njano (kwa Wamarekani ni bluu). Mwekundu unapeleka upepo wa kujaza tangi la tela na kulifanya tela liwe huru kutembea. Wa njano unapeleka amri ya mguu wa dereva: kadiri anavyokanyaga, ndivyo breki zinavyokaza. Mpira mwekundu ukikatika, tela linakaza breki zake lenyewe. Ni mtoto wa 1872 huyo.

Kisha kuna springi. Ndani ya chemba za breki za ekseli nyingi kuna springi nene yenye nguvu ya ajabu, inayotaka muda wote kukaza breki. Kinachoizuia ni upepo. Upepo ukiisha, springi inajiachia na gurudumu linakamatwa. Ndiyo maana lori lililolala usiku likapoteza upepo wote haliondoki asubuhi mpaka kompresa ijaze tena. Kwa ufupi: kwenye gari dogo mguu wako unaleta breki, kwenye tela upepo unaondoa breki.

Hapa Afrika Mashariki matela yalipata shule yake kubwa baada ya tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia. Njia ya kusini ikawa mashaka, Zambia ikakosa mafuta, na mzigo wake ukageuziwa Dar es Salaam. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, milima na makorongo, ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, na matela ya Fiat yakawa yanapishana Kitonga na Mbeya. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975. Lakini malori hayakuondoka, na miteremko iko pale pale.

Na kwa anayedhani kisa cha Armagh ni hadithi ya wazungu wa zamani, akumbuke tarehe 24 Juni 2002. Treni yetu ya abiria, yenye watu zaidi ya 1,200, ilishindwa mlima baada ya stesheni ya Msagali mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ni miaka 113 baada ya Armagh. Mlima, treni iliyokwama, mabehewa yanayorudi kinyumenyume, treni nyingine nyuma yake. Mimi nikisoma visa hivi viwili kwa pamoja nywele zinanisimama.

Sasa swali la msingi. Kama kifaa kilibuniwa ili kikiharibika gari lisimame, malori yanatushinda vipi?

Nilimpelekea swali hili mzee mmoja hapa Mwera, aliyeendesha malori ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka thelathini. Sitamtaja jina, aliniomba hivyo. Baada ya shikamoo na marahaba akacheka. "Mwanangu," akasema, "mnaandika breki zimefeli. Nendeni mkaulize zilifelishwa na nani."

Akanihesabia kwa vidole, nami nikaenda kusoma nithibitishe.

Kidole cha kwanza ni joto. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari lenye ekseli saba kuwa na uzito wa hadi tani 56. Piga hesabu ya fizikia ya sekondari: tani 56 zikiteremka mlima wa kimo cha mita 300, nishati inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha karibu lita 490 za maji ya kawaida. Dereva akishuka kwa gia nzito, sehemu kubwa inamezwa na injini. Akishuka kwa gia nyepesi huku amekanyaga breki muda wote, joto lote linaingia kwenye dramu za breki. Dramu ikipata joto inatanuka, inaikimbia lainingi. Fimbo inayosukumwa na chemba inalazimika kusafiri zaidi ili kuifuata, na safari yake ina mwisho, sentimita chache tu. Ikifika mwisho, basi. Geji inaonyesha upepo umejaa, mguu umezama mpaka chini, na gari linakwenda. Hakuna mpira uliopasuka wala upepo uliovuja, kwa hiyo ile akili ya 1872 haina cha kuhisi.

Kidole cha pili ni ajasta. Hiki ni kile kikono kinachounganisha fimbo ya chemba na breki. Lainingi inapolika, ajasta inatakiwa kukazwa. Isipokazwa, ile safari ya fimbo inakuwa imeshaliwa nusu kabla hata ya mteremko kuanza. Wamarekani walilazimisha ajasta zinazojikaza zenyewe kwa magari mapya kuanzia mwaka 1994, kisha vifaa vya kuzuia magurudumu kuganda kwa vichwa mwaka 1997 na kwa matela mwaka 1998. Huku kwetu matela mengi huja yakiwa yametumika, na tela huwa halina mtetezi. Kichwa kinaoshwa na kupakwa rangi. Tela ni kama punda, linakumbukwa likigoma.

Kidole cha tatu ni frii. Dereva anatoa gia mteremkoni ili aokoe mafuta, na mafuta yale aliyookoa anayauza njiani ajazie posho. Kule Salgaa nchini Kenya mtindo huu ulitajwa miaka na miaka kuwa chanzo cha misiba. Gari likiwa frii injini haisaidii lolote, na mzigo wote unabaki kwenye lainingi.

Kidole cha nne mzee hakukiinua haraka. Alinyamaza kwanza.

Kidole hicho ni kufunga springi. Nilisema upepo ukivuja, springi inakamata gurudumu. Sasa gari limekwama gereji au njiani kwa sababu mpira au chemba inavuja. Spea hakuna au ni ghali, mzigo unatakiwa Dar asubuhi. Fundi anachukua boliti ndefu, anairudisha springi nyuma na kuifunga pale. Ipo boliti maalumu kwa kazi hiyo, na ni halali kabisa kwa kulisogeza gari mpaka mahali pa matengenezo. Lakini si kwa kusafiria. Wengine huziba kabisa mpira wa tela ili upepo usipotee. Gari linatembea vizuri, halivuji, geji imetulia. Ila lile tela sasa limerudishwa nyuma ya mwaka 1872. Kwa mkono wa mtu, kwa spana namba fulani, kwa amri ya bosi fulani.

Mzee aliwahi kuondoka na tela la namna hiyo. Magurudumu mawili yalikuwa yamefungwa springi, na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilimwambia atatengenezewa akirudi. Kwenye mteremko mmoja wa barabara ya Zambia gari likaanza kumshinda kidogo kidogo, si kwa kasi, mwendo wa mtu anayekimbia. Utingo wake, kijana wa umri kama wangu, akafanya kile alichofundishwa. Akaruka chini na jiwe akaliweke mbele ya gurudumu. Jiwe likasagika. Kijana hakuwahi kuondoa mwili wake.

"Kwenye karatasi waliandika breki zilifeli," mzee akaniambia. "Nikatia sahihi."

Hatukuongea tena kwa muda. Mimi nilikuwa nafikiria mawe ya Armagh.

Ndugu msomaji, ukaguzi wa kugundua karibu yote haya hauhitaji maabara. Hauzidi nusu saa na unafanyika kwenye yadi yoyote. Nauandika hapa kwa sababu abiria, mke wa dereva, hata utingo mwenyewe, wana haki ya kuujua.

Kwanza magurudumu yawekewe vigingi, gari lijazwe upepo mpaka kompresa ikate yenyewe. Zima injini, achia breki zote, kisha tazama geji kwa dakika moja. Kwa kipimo cha Marekani, kichwa na tela kwa pamoja visipoteze zaidi ya paundi 3 kwa dakika hiyo. Kisha kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie dakika nyingine: isizidi paundi 4. Ukisikia mlio wa upepo, ufuate kwa sikio mpaka uupate.

Pili, ukiwa umewasha swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia. Kabla geji haijashuka chini ya paundi 60, taa au king'ora kikuonye. Endelea. Upepo ukishuka kati ya paundi 45 na 20, vali za breki ya kuegesha zinatakiwa kuruka zenyewe na springi kukamata. Kama hazikukamata, hapo umeshamjua adui.

Tatu, ingia chini ya gari, breki zikiwa zimeachiwa, uvute kila ajasta kwa mkono. Ikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, inahitaji kukazwa. Tazama pia nyuma ya chemba kama kuna boliti imechomoza mahali pasipotakiwa. Nne, kaza breki za tela peke yake, weka gia ya kwanza, jaribu kuvuta taratibu. Tela likikubali kwenda, usitoke getini.

Tano, toa maji kwenye matangi kila siku. Kompresa inashindilia hewa pamoja na unyevu wake, na hewa ya pwani yetu hii, kutoka Tanga mpaka Saadani, unyevu wake mnaujua wenyewe. Maji yanajaa chini ya tangi, yanapunguza nafasi ya upepo, yanaozesha vali kwa kutu. Kuvuta kile kikamba chini ya tangi ni kazi ya sekunde kadhaa tu.

Kwa nini nayasema haya nikiwa Mwera, kijiji ambacho miaka yote kimezoea trekta la mkonge, Fuso la nazi na foleni ya kivuko pale Bweni? Kwa sababu mambo yanabadilika. Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo imekuwa ikijengwa, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Kwa vizazi vingi mto ule ndio uliokuwa breki yetu. Gari kubwa lilikuwa linafikiri mara mbili kabla ya kuja upande huu wa kusini. Daraja likifunguka, tani 56 hazitakuwa na sababu ya kuzunguka Segera na Chalinze. Zitapita huku, penye watoto wanaovuka kwenda shule na akina mama wanaouza machungwa kando ya njia. Mimi naitaka sana barabara hiyo, wagonjwa wetu wameteseka vya kutosha kusubiri kivuko. Lakini naitaka ije na ukaguzi wa breki, si mizani ya uzito peke yake.

Na kwetu sisi wa kalamu, nina ombi moja. Siku nyingine tukiambiwa breki zilifeli, tusifunge daftari hapo. Tuulize: ajasta zilikazwa lini mara ya mwisho? Springi zilikuwa huru au zimefungwa? Gari lilikuwa kwenye gia gani? Nani alisaini kwamba linaweza kutoka getini? Majibu yapo, yamo ndani ya yale mabaki ya chuma yanayovutwa kupelekwa kituoni, na yamo kwenye daftari la gereji. Nani atakwenda kuyasoma kabla hayajauzwa kwa kilo kama chuma chakavu?

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na kama baba yako, kaka yako au mume wako anaendesha tela, msomee ile sehemu ya ajasta.